Bellini Anaogopa

Katika vitabu vingi vya picha, hofu ni ya mtoto na dawa iko kwa mtu mzima. Mtoto anaogopa giza, mama anawasha taa. Anaogopa maji, baba anamshika mkono. Kurasa zinaisha, watu wanalala.

Ndiyo maana nakipenda Mirette on the High Wire cha Emily Arnold McCully, kilichotoka Marekani mwaka 1992 na kushinda Medali ya Caldecott mwaka uliofuata. Tuko Paris, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mirette anamsaidia mamake, mjane, kuendesha nyumba ya wageni wanaopanga wasanii na watu wa sarakasi. Anamenya viazi, anapiga deki. Anakuja mgeni mkimya, Bellini, anayetaka kula peke yake. Siku moja Mirette anamkuta uani akitembea hewani, juu ya waya. Naye anataka kujua. Anajaribu, anaanguka, anajaribu tena.

Kumbe mwenye hofu ni huyo mzee.

Kaka yangu alikuwa mwanasarakasi. Jioni walikuwa wakitumbuiza watalii katika hoteli moja kule Pwani, na kwa vile alikuwa mwepesi, ni yeye aliyesimama juu kabisa ya piramidi ya watu. Siku moja aliyekuwa katikati akateleza. Chini palikuwa vigae vitupu, godoro hakuna. Mkono ulipona. Leo anauza kava za simu hapa Nairobi, na balbu ikiungua kwake, napigiwa mimi nije nipande kiti. Nyumbani tunasema tu "aliacha", kama mtu aliyeacha sigara.

Bintiye ana miaka saba. Kiingereza anakijua, lakini hadithi anaitaka kwa Kiswahili, kwa hivyo natafsiri nikisoma. Tukafika pale Mirette anaposikia kuwa Bellini aliwahi kuvuka Maporomoko ya Niagara, akasimama katikati akapika mayai.

"Anti, hiyo ni uongo."

Si uongo sana. Bellini ametokana na Blondin, Mfaransa aliyevuka hapo kwa kamba mara kadhaa kuanzia mwaka 1859. Kuna siku alipika kimanda hukohuko juu, na siku nyingine akambeba mgongoni meneja wake, Harry Colcord. Sifa zote alipewa Blondin. Mimi namwaza Colcord, miguu inaning'inia.

Mirette anamsihi Bellini amchukue wasafiri pamoja. Bellini anakataa, kwa sababu anaogopa. Niliposema "naogopa", kaka, aliyekuwa akijifanya anatazama mpira, akapunguza sauti ya TV.

"Mtu mkubwa hivyo anaogopa nini?" mtoto akauliza.

"Kuanguka."

"Na si hajaanguka?"

"Si lazima uanguke," babake akasema. "Ukishaanza kuiona chini, basi."

"Kwani wewe uliiona?"

"Niliiona. Halafu nikaifikia."

Tulicheka, hata yeye. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akiitaja siku hiyo mbele ya mtoto.

Bellini anarudi kwenye waya, safari hii juu ya mapaa, umati ukitazama, na anaganda palepale mwanzoni. Mirette anapanda upande wa pili, anaanza kumwendea. McCully hatuambii kuwa hofu imekwisha. Maneno yanaisha wawili hao wakiwa bado juu ya waya, na mpwa wangu aliudhika kweli: walifika ama hawakufika?

Kaka hakumjibu. Aliomba kitabu, akakifungua magotini, akawa anaangalia miguu tu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Aliyechora hii anajua," akasema. "Ona vidole."

Sasa mtoto anataka kujiunga na kikundi cha sarakasi kinachofanya mazoezi ukumbini karibu na kwao. Babake hajakubali wala hajakataa. Jumamosi iliyopita alipita hapo peke yake, akasimama mlangoni, kisha akanipigia kunielezea magodoro yao yana unene gani.