Mzee wa Vazi la Kitunguu

Mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotangaza kwamba mwaka huu kila mwandishi wa jarida amchague mhusika ampendaye na aeleze kwa nini, wenzangu walianza kugombania wahusika kama kuku waliomwagiwa mtama. Huyu alikimbilia tamthilia, yule akakimbilia riwaya, na wasichana wawili wa Kidato cha Pili hawasemezani hadi leo kwa ajili ya mhusika mmoja wa hadithi fupi. Mimi nilinyoosha mkono nikauliza iwapo mhusika anaweza kutoka katika gemu. Lo! Kicheko kilichozuka kingeweza kung'oa mabati. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza, "Ana tabia, ama ana bunduki tu?" Nikamjibu kwamba hana bunduki. Ana upanga mkubwa ajabu, ila mara nyingi utamkuta ameketi chini akiguna.

Nikaruhusiwa, kwa sharti kwamba nisiandike kama mtu anayeuza gemu. Basi msomaji mpendwa, kaa kitako nikusimulie.

Gemu yenyewe inaitwa Dark Souls. Ilitengenezwa Japani na kampuni ya FromSoftware na kutolewa mwaka wa 2011, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Mjomba wangu alipopata kazi Nakuru alituachia PlayStation 3 yake kuukuu, joistiki moja yenye kitufe kinachokwama, na diski mbili. Moja ilikuwa ya mpira, nayo ilikuwa imekwaruzwa kama mgongo wa punda. Ya pili ndiyo hii. Kwa hivyo sikuichagua, ilinichagua yenyewe. Katika kibanda cha gemu pale karibu na steji hutaikuta. Pale ni mpira tu: unalipa shilingi ishirini, unafungwa mabao matano, unampisha mwingine.

Dark Souls ni ngumu, jamani. Nilikufa hadi mama, ambaye huja sebuleni kulalamikia tokeni za stima, akaniuliza, "Na wewe kila nikipita umekufa, si ucheze ingine?" Lakini ugumu sio uliyoniteka. Wewe mchezaji ndiwe mhusika mkuu, na mhusika mkuu huyo hasemi lolote. Ukiulizwa swali unachagua ndiyo au la, basi. Katika darasa la fasihi tungemwita mhusika bapa. Wenye damu na nyama ni wale unaowakuta njiani. Nchi ile inaitwa Lordran, nayo ina laana. Mtu aliyepatwa na laana hafi akafa. Huamka tena na tena, lakini siku akikata tamaa, akipoteza lile lililokuwa likimsukuma kuendelea, akili humtoka na anabaki ganda tupu linaloshambulia kila mtu. Kumbe basi kila unayekutana naye ameshikilia kitu fulani moyoni ili asiwe ganda.

Tena kuna hili. Katika gemu nyingi za namna hii, mhusika mdogo akikupa kazi, inaandikwa katika daftari na mshale unakuonyesha pa kwenda. Binamu yangu alinionyesha video za gemu nyingine ya Kijapani, Majora's Mask ya mwaka wa 2000, ambamo mwezi unataka kuiangukia dunia baada ya siku tatu. Humo mna msichana aitwaye Anju anayemngoja mchumba wake Kafei, na unaweza kuhangaika siku zote tatu ili wapate kuonana muda mfupi tu kabla ya mwezi kuanguka. Ni kisa kizuri, nami nilijifanya nina vumbi machoni. Lakini hata humo mna daftari la kukukumbusha nani yuko wapi saa ngapi. Dark Souls haina daftari, haina mshale, haina hata ramani. Mtu anakwambia anaelekea mahali fulani, anaondoka, na usipomtafuta hutajua kilichompata. Ni kama maisha tu. Nani huandikiwa kwamba jirani yake ana shida?

Wengi wanaoijua gemu hii watakwambia kipenzi chao ni Solaire, askari aliyekuja Lordran kutafuta jua lake mwenyewe. Amevaa picha ya jua kifuani, aliyoichora kwa mkono wake, na vazi lake halina uchawi wowote. Mara ya kwanza nilimkuta mwishoni akiwa na mdudu anayeng'aa kichwani, akidhani ndilo lile jua, na akanishambulia. Baadaye nikajua anaweza kuokolewa, ukipita njia ya mkato na kumuua yule mdudu mapema. Njia hiyo hufunguka ukitoa vipande 30 vya utu, ndiyo, vinaitwa utu, kwa msichana mgonjwa anayekaa pangoni. Ukifanya hivyo, Solaire atakuja kupigana pamoja nawe katika vita vya mwisho. Nampenda Solaire, lakini kisa chake kina dawa. Cha mzee wangu sijui kama kina dawa.

Mzee wangu ni Siegmeyer wa Catarina. Vazi lake la chuma ni la mviringo, limevimba kila upande, hata humo ndani ya gemu watu wanalifananisha na kitunguu. Unamkuta kwanza ameketi nje ya ngome ya Sen. Lango limefungwa. Anaguna, anafikiri, anaguna tena. Unamwacha hapo, unakwenda kugonga kengele mbili, moja juu ya kanisa, nyingine chini kabisa kupita kinamasi chenye sumu. Kazi hiyo ilinichukua karibu mwezi mzima wa Jumamosi. Kengele zikilia lango linafunguka, na mzee anaingia ngomeni.

Humo ndani unamkuta tena ameketi, safari hii kwa sababu ya mawe makubwa yanayobingirika na kuponda watu. Baadaye, katika jumba la wafalme la Anor Londo, yuko kwenye mlango wa chumba chenye askari watatu wa fedha, anawaza jinsi ya kuwavaa. Mimi nikaingia, nikawaua, nikatoka. Akanishukuru. Kule kinamasini alikuwa ameishiwa mimea ya kutibu sumu. Nikampa. Akanishukuru. Nilijiona mwema kweli kweli, kama mtu wa matangazo ya redio.

Ana binti pia, Sieglinde, aliyevaa vazi lile lile la kitunguu. Binti huyu anamtafuta baba yake ili amfikishie maneno ya mwisho ya mama. Nilimtoa ndani ya jitu la fuwele lililokuwa limemmeza. Yeye anamjua baba yake: hatulii mahali, haachi kutafuta matatizo mapya, na hiyo ndiyo furaha yake.

Sasa sikiliza. Chini sana, mahali paitwapo Lost Izalith, nilimkuta mzee juu ya ukingo wa shimo lenye madude ya kutisha. Safari hii hakuomba lolote. Aliniambia nimemsaidia vya kutosha, kwamba yeye atarukia yale madude ili mimi nipate upenyo wa kupita. Alikuwa ameamua. Akaruka. Nami nikafanya nini? Nikaruka nyuma yake, nikampita mbio, nikayamaliza yale madude kabla hajatoa jasho. Akabaki mzima. Nikapiga kelele za ushindi hadi dada yangu mdogo akaamka.

Siku kadhaa baadaye nilifika ziwa la majivu, lililo chini kabisa ya ulimwengu ule. Sieglinde alikuwa amesimama kwenye mchanga. Baba yake amelala mbele yake. Alikuwa amegeuka ganda tupu, naye binti akalazimika kumuua kwa mikono yake. Niliduwaa. Nikaizima mashine bila hata kuhifadhi.

Wachezaji wamebishana sana kuhusu kisa hiki. Wako wanaosema laana ni laana, angegeuka tu. Wengine, nami ni mmoja wao, tunaona kwamba mzee alikuwa ameshikilia kitu kimoja tu, ile hamu ya kulitatua jambo kwa upanga wake mwenyewe. Kila nilipomtatulia nilimnyang'anya kidogo. Na lile shimo lilikuwa lake.

Hapa ndipo ninapopaswa kueleza kwa nini niliizima mashine.

Shule yetu ni ya kutwa, na pesa za chakula cha mchana hulipwa kando kila muhula. Muhula wa pili jirani yangu wa dawati alikuwa hajalipa. Sitamtaja jina, na ukilijua nakuomba ulimeze. Saa saba ikigonga alikuwa anasema hasikii njaa, ama anakwenda kusoma chini ya mti. Siku ya nne nikajua. Sikumuuliza. Nilimwendea kiranja, tukapitisha bahasha kwa siri, shilingi ishirini kwa huyu, hamsini kwa yule. Ilipojaa tukampa mbele ya darasa zima, na mimi ndiye niliyetoa hotuba. Watu walipiga makofi. Yeye alisimama, akasema asante, akaketi. Alikuwa akiutazama wino uliomwagika kwenye dawati kama anayesoma barua.

Kesho yake alihamia dawati la nyuma. Chakula alikula, lakini peke yake. Nilikasirika, nakiri. Nilisema moyoni, asante ya punda ni mateke. Sikujua kwamba kila Jumamosi na Jumapili alikuwa anaosha pikipiki kule mtoni, na kwamba alikuwa amebakisha shilingi mia sita tu akamilishe pesa zake. Alikuwa amemwambia mama yake, mbele ya wadogo zake, kwamba muhula huu asimlipie, atajilipia. Hayo niliyasikia kwa mtu mwingine, wiki mbili baadaye, na hata hivyo sikuelewa. Nilisema, sasa si apange hizo pesa zake kwa muhula ujao, shida iko wapi?

Nilielewa likizo ya Agosti, usiku ule wa ziwa la majivu. Najua inachekesha mtu kufunzwa na kitunguu.

Sisemi tungemwacha ashinde njaa. Nimeliwaza jambo hili hadi kichwa kinaniuma. Kule kinamasini mzee alihitaji ile dawa, alisema mwenyewe kwamba imemwishia, na ningemnyima ningekuwa mnyama. Lakini kule ni yeye aliyeomba. Shimoni hakuomba. Kati ya mahali hapa pawili sijui mpaka uko wapi, na gemu haikuonyeshi, ndio maana nasema imeandikwa vizuri. Haikupi adhabu. Haikwambii umekosea. Inakuachia binti kwenye mchanga, nawe ujue la kufanya na moyo wako.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilimwendea mwenzangu nyuma ya maabara. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya Kiswahili sanifu, yote yakapotea. Nikasema tu, "Buda, ningekuuliza kwanza." Akanyamaza. Akaokota kijiti, akakivunja vipande. Kisha akasema, "Ile hotuba sasa ndiyo ilikuwa mbaya. Ati 'ndugu yetu mhitaji'. Mhitaji ni nani?" Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini alikuwa anacheka kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu Juni alinitazama machoni.

Hakurudi dawatini kwangu. Amezoea kule nyuma, na tena anasema mimi huchora kwenye vitabu vya watu. Insha hii nilimpa aisome kabla ya kuipeleka kwa mwalimu. Alifuta sentensi mbili, nami sitasema zilikuwa zipi. Zile shilingi mia sita akaniambia nisizifute, kwa kuwa ni kweli alibakisha hizo tu.

Jumamosi hizi akimaliza kuosha pikipiki hupita kwetu. Amefika mbele ya ngome ya Sen, bado hajagonga kengele ya pili, na anakufa hata kunishinda. Juzi alisimama mbele ya yule mzee aliyeketi, akazunguka vazi lake mara mbili, akaniuliza, "Huyu naye anangoja nini hapa?" Nilifungua mdomo. Akaniwahi kwa kiganja cha mkono usoni pangu. "Usiniambie, bana. Nipe joistiki tu."