Namba 44 na mashamba ya kwetu Lionja

Leo sina habari za bumu wala za foleni ya kantini. Kuna hoja tumebishana na jamaa mmoja wa kompyuta hapa hosteli mpaka saa saba usiku na bado inanikereketa: kitu cha wote kikibaki bila kutumika, nani ana haki ya kukiuza?

Wenzangu wa ualimu niwaeleze kwanza. Kila mashine iliyo kwenye intaneti inahitaji anwani, yaani namba, na mfumo wa zamani ambao bado tunautegemea una namba kama bilioni 4.3 tu. Mwaka 1981 Mmarekani Hank Magnuski aliwaombea watu wa redio za ridhaa namba zote zinazoanza na 44. Hao ni wale wanaosimika antena nyumbani wakaongea na wenzao wa mbali bila kulipwa. Hapa kwetu leseni inatoka TCRA na jina la kituo linaanza na 5H. Wakenya ni 5Z, Waganda 5X. Basi wakapewa namba zaidi ya milioni 16, bure kabisa! Enzi hizo ilikuwa kama kufungua pori, ukiomba unakatiwa.

Pori likaisha. Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu ya mwisho. Afrika tunagawiwa na AFRINIC, makao yake Mauritius, na tangu Januari 2020 anayeomba hapati zaidi ya namba 1,024 kwa mara moja. Hebu linganisha na milioni 16.

Jamaa yangu alisema hapo hapo, "Si wanyang'anywe tu?" Mimi nikasema ngoja kwanza. Kwetu Lionja ukipita shamba la nyasi usikimbilie kusema halina mwenyewe, angalia vizuri, mikorosho ya babu wa mtu imo mle. Namba za 44 nazo zina mikorosho yake. Nyingi zinatumika kwenye mitandao ya redio tupu, mnara kwa mnara, hasa Ujerumani na nchi za jirani zake, na ukizitafuta kwenye intaneti ya kawaida huzioni.

Ila kweli nyingine zilikuwa nyasi tu. Mwaka 2019 shirika la Marekani linalozitunza, ARDC, likauza robo yake, kama milioni 4, kwa Amazon. Bei: zaidi ya dola milioni 100. Watumiaji wengi walisikia biashara ikiwa imeshaisha. Wajerumani waliokuwa ndani ya robo ile walihamishiwa namba nyingine.

Hapo ndipo ninapogoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Najua, najua, kuna mikutano ambayo kazi yake ni kusaini karatasi ya mahudhurio tu. Lakini angalau mtu ana pa kusimama akasema hapana. Watu wa redio hawakuwa na mkutano. Bodi ilikaa, ikaona namba hazitumiki, ikaona bei nzuri, ikauza. Hesabu zao huenda zilikuwa sawa kabisa, na fedha ile sasa inatoa ruzuku kwa miradi ya redio na elimu sehemu mbalimbali duniani, siyo kwamba imeliwa. Mimi nauliza aliyewapa idhini ni nani.

Wa kwetu Nachingwea tunajua pia ubaya wa upande wa pili, wa kumpa mkubwa eneo kwa sababu tu ameomba kwa sauti. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, zaidi ya ekari milioni 3 kwenye makaratasi. Kufika 1951 mpango umekufa. AFRINIC nao yamewakuta: kampuni moja ilipata namba zaidi ya milioni 6 kati ya 2013 na 2016. AFRINIC ilipotaka kuzirudisha, kwa hoja kwamba zinatumika nje ya Afrika, wakaishia mahakamani, na 2021 akaunti zao za benki zikafungiwa.

Kwa hiyo zile milioni 12 zilizobaki za 44 mimi ningezigawa kikwetu. Mwenye leseni apewe kiasi anachoweza kulima. Akitelekeza, ziulizwe: ile sheria ya vijiji inaruhusu shamba lililoachwa miaka mitano litangazwe, na mwenyewe anapewa nafasi ya kujieleza. Kila nchi iwekewe akiba hata kama leo ina vituo vya kuhesabu, maana atakayejenga mnara Ruangwa huenda sasa hivi yuko darasa la nne. Na kuuza, mpaka wenye leseni wapige kura.

Jamaa akaniambia mfumo mpya una namba zisizoisha, kwa nini tugombanie hizi? Nikamuuliza kama ni hivyo, Amazon walikuwa wananunua nini. Akavuta shuka. Asubuhi akaniambia nitafute kwanza leseni ya 5H ndiyo niongee, na hapo kidogo ana pointi. Tiipii ikiisha nitaulizia fomu TCRA.