Tulipanga Stockholm, Tukatua Pemba

Mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzi wako wote mnafanya kazi hapa Dar, bila shaka unaijua ile hali: mnalala kitanda kimoja lakini mnaishi kama wapangaji wawili. Yeye anatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, wewe unarudi saa mbili usiku umechoka, na mazungumzo yote ni luku, gesi na ada. Sisi tulikuwa hapo hapo. Juu ya hayo kulikuwa na barua: mume wangu ameitwa kazini Muscat, mkataba wa miaka miwili, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Wiki tatu barua ile ilikaa ndani na hakuna aliyeigusa kwa maneno.

Ndoto yetu ya siku nyingi ilikuwa Stockholm. Wifi yangu anaishi kule, na ametusimulia mpaka basi. Mji umekaa juu ya visiwa 14, pale Ziwa Mälaren linapokutana na Bahari ya Baltiki. Unapanda kivuko kama unavyopanda daladala, unashuka kisiwa cha Djurgården, unaitazama meli ya Vasa iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na kuibuliwa 1961, kisha unakaa na kahawa yako mpaka uchoke. Waswidi wana hata neno la kukaa namna hiyo na kahawa na kitu kitamu: fika.

Nikapiga hesabu. Ada ya viza peke yake euro 90 kwa kichwa, majibu yanaweza kuchukua siku 15, tiketi sisemi. Nasi tulikuwa na siku nne tu, tena mwezi wa Desemba, ambapo jua la kule linazama kabla ya saa tisa alasiri!

"Kwani lazima maji yawe ya baridi?" mume wangu akauliza. Hapo ndipo Pemba ilipoingia.

Nilichofanya ni kuuchukua mpango wa wifi kama ulivyo na kuuhamishia Pemba: asubuhi jambo moja, alasiri hakuna kitu, jioni kutembea kwa miguu. Shosti, usiongeze kitu hapo. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 67 tu, lakini ni vilima, mabonde na mikarafuu mtindo mmoja, na ukianza kusimamasimama njiani siku imekwisha. Tulikwenda kwa ndege ndogo hadi Chake Chake, tukarudi kwa boti kutoka Mkoani. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto, majamvi yameanikwa kando ya barabara, na ile harufu ikaingia hadi kwenye nguo za sandukuni.

Chake siku ya kwanza tulizunguka ngome kongwe yenye makumbusho madogo, jioni pweza na mishikaki. Ngezi tuliona msitu, Kidike wale popo wakubwa wa Pemba. Kwa wanandoa vijana, neno moja: mabega na magoti yafunikwe mjini, na mabusu muyaache chumbani. Pemba si Coco Beach, bwana.

Ajabu ni kwamba Uswidi ilitufuata huko huko. Kaskazini, kwenye hoteli ya Manta Resort, kuna chumba kinachoelea chenye kitanda chini ya maji, kimefunguliwa mwaka 2013. Aliyekibuni ni Mswidi, Mikael Genberg, ambaye mwaka 2000 alishajenga cha aina hiyo katika Ziwa Mälaren, ziwa lile lile la wifi! Bei yake tuliiuliza, tukacheka, tukaendelea na safari.

Siku ya tatu ilikuwa Misali. Tuliondoka Wesha na nahodha mmoja, mtu mzima, njiani akitusimulia habari ya Nabii Hadhara, aliyeomba msala kwa wavuvi, wakakosa wa kumpa, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala. Alitushusha akasema, "Wanangu, maji yametoka. Tutaondoka yakijaa." Hapo saa tano asubuhi! Simu tuliziacha hotelini. Saa nne nzima, mchanga, kivuli na sisi wawili.

Nikamwambia, "Sitaki uende."

Akanitazama. "Wiki zote hizi hukusema. Nilidhani ukinyamaza umekubali."

"Na wewe hukuniuliza."

Mpenzi msomaji, tuligombana vizuri. Wavuvi wa dago waligeuka kutuangalia. Alisema anaona aibu kuwa mwaka wa tatu mshahara wake haujasogea, nikasema mimi sitaki kulea watoto kwa simu. Akalia kidogo, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tuoane. Kisha tukaanza kuongea hesabu: kodi, shule, kazi yangu, mama yake. Nahodha alipopiga mluzi hatukuwa tumemaliza.

Jumapili, ndani ya boti, aliandika jibu akanisomea kabla ya kulituma: ataanza peke yake miezi sita, kisha nyumba ya familia, vinginevyo haendi. Ninapoandika haya bado hawajajibu. Wifi ndiye aliyejibu upesi. Amenuna kwamba tumekwenda Pemba bila kumwambia, na anataka kilo moja ya karafuu.