Saa za Kusoma Hutoka Wapi?

Sisi tuandikao haya ni mume na mke, wakaazi wa Dar es Salaam, na mke katika sisi ni muuguzi kwa muda wa miaka 14. Stashahada alikuwa nayo. Alilolitaka ni shahada. Wala hakuweza kuiacha kazi, kwani mshahara wake ndio ulipao ada za watoto watatu.

Si jambo geni. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipoanza kufundisha uuguzi Afrika ya Mashariki mwaka 2001, kiliwakusudia khasa wauguzi waliokwisha kuwa kazini. Na heshima ya kazi yenyewe haihitaji shahidi mbele ya Muislamu: Bibi Rufaida (r.a.) alikuwa na hema lake katika msikiti wa Madina, na humo ndimo alimouguzwa Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Handaki. Basi sisi hatukutafuta ruhusa ya watu. Tulitafuta saa.

Jamaa zetu walituonya juu ya watoto, wakatuonya juu ya jiko. Hapana hata mmoja aliyemtaja mgonjwa, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye khatari. Muuguzi akitoka zamu ya usiku akaenda darasani, kisha jioni akarudi wodini, saa zile amezitoa katika usingizi wake, na alipaye ni yule aliyelala kitandani. Fikirini dripu: mililita 1,000 zimwingie mgonjwa kwa saa 8, kwa mpira utoao matone 20 katika kila mililita. Jawabu ni kama matone 42 kwa dakika. Mchana, mtoto wa skuli aweza kuikokotoa hesabu hii. Saa kumi za alfajiri, kwa mtu asiyelala siku mbili, ni mlima. Na mgonjwa ni amana.

Kwa hiyo tuliwekeana sharti: saa zitoke popote ila katika usingizi wa kabla ya zamu. Zikatoka nyumbani. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa akiwatumikia ahali zake, hata wakati wa Sala ufikapo hutoka kwenda kusali. Waume wengi tumeisikia hadithi hii mimbarini tukaiacha huko huko msikitini. Mume katika sisi akaingia jikoni. (Wali wake wa kwanza watoto waliunywa.)

Fedha hazikutusumbua sana: mkopo wenye riba tuliukataa, tukauza pikipiki. Lililotusumbua ni zamu. Mkubwa wa wodi alikataa mara mbili kuzibadilisha, akisema asomaye aache kazi. Mara ya tatu tukampelekea ratiba ya chuo pamoja na jina la mwenzake aliyekubali kupokezana naye, akaridhia usiku wa Jumatano tu. Hautoshi. Ndipo tukapunguza masomo ya kila muhula, ingawa kwa hivyo shahada itachelewa mwaka mzima, na wenzake aliokuwa akiwafundisha kazi watamtangulia kuipata.

Sasa yumo katika mwaka wa tatu. Mtihani wa takwimu ni mwezi ujao, na zamu za wiki hiyo bado hazijabandikwa.