Ukifika Wundanyi, Muone Mwenyeji Kabla ya Kitanda

Jua la milimani halimsubiri mgeni aliyechelewa. Saa kumi na mbili jioni bado unakiona kilele kilicho mbele yako. Nusu saa baadaye ukungu umeshuka, baridi imepenya kwenye sweta, na watoto wanauliza watalala wapi. Ni katika saa hiyo, mpenzi msomaji, ambapo wengi wetu huchagua malazi katika miji midogo ya milimani, na ni katika saa hiyo hiyo ambapo wengi wetu hukosea.

Mimi mwenyewe nilikosea. Miaka michache iliyopita, wakati wa likizo ya Agosti, nilimpeleka mke wangu na watoto wetu wawili katika mji mmoja wa aina hiyo. Sitautaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa la wenyeji wangu. Tulishuka kwenye matatu giza likiingia na manyunyu yakianguka. Makanga akatuonyesha jengo lenye bango kubwa lililozungushiwa taa za rangi. Sikuuliza neno. Nililipa, nikapewa ufunguo, na ndipo nilipokiona chumba: kitanda kimoja, mablanketi mawili mepesi kama leso, na dirisha lililopigiliwa misumari lisifunguke. Tulipolalamikia baridi, mlinzi, kijana mwenye roho nzuri, alituletea jiko la makaa yaliyokolea, akaliweka katikati ya chumba na kututakia usiku mwema.

Yapata saa saba usiku mtoto wetu mdogo alianza kutapika. Mke wangu alijaribu kusimama akapepesuka. Kichwa changu kilikuwa kikigonga kama ngoma ya harusi. Namshukuru Mungu kwamba tulipata akili ya kufungua mlango na kulitoa lile jiko. Tulikaa barazani hadi alfajiri tukiwa tumejifunika taulo.

Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala huendelea kulala tu. Mara kwa mara tunasoma habari za familia iliyokutwa asubuhi haina uhai, jiko likiwa kando ya kitanda. Sisi tuliponea chupuchupu.

Tangu usiku huo sijachagua malazi kwa kutazama bango. Na nilipopanga kuipeleka familia katika milima ya Taita, niliamua kwamba safari hii nitachagua nikiwa na macho mawili na ulimi mmoja, na vyote vitafanya kazi.

Huenda msomaji hujawahi kufika Wundanyi. Mji huu, ambao kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Taita-Taveta, umejificha katika bonde lililo juu ya nyika. Ukitoka Nairobi au Mombasa, nenda hadi Voi kwa basi, au kwa lile garimoshi la Madaraka Express la reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Hakikisha tu kwamba umekata tikiti ya garimoshi linalosimama katika stesheni za njiani. Kutoka Voi panda matatu ya kwenda Mwatate, mji unaojulikana kwa mashamba yake ya mkonge, kisha uanze kupanda mlima. Kona hufuata kona na masikio huziba. Vumbi jekundu la nyika linabaki chini, na ghafla umezungukwa na migomba, matuta ya mboga na vijito vinavyokatiza barabarani. Mboga nyingi zinazoliwa Mombasa hutoka katika matuta hayo.

Watoto wa shule na wanafunzi wa vyuo watapata mengi ya kuandika. Milima hii ndiyo ncha ya kaskazini ya safu kongwe inayopita Pare na Usambara na kuendelea ndani ya Tanzania. Kilele chake kirefu zaidi, Vuria, kina zaidi ya mita 2,200. Katika misitu iliyobaki, kama vile Ngangao na Mbololo, wapo ndege wasiopatikana kwingineko kokote duniani. Aidha, kuna mapango ambamo Wataita wa zamani walihifadhi mafuvu ya wazee wao, mahali ambapo mgeni haendi bila ruhusa na mwenyeji wa kumwongoza. Chuo Kikuu cha Helsinki cha nchini Finland kina kituo chake cha utafiti papo hapo Wundanyi.

Neno moja la tahadhari kabla hujalipia malazi ukiwa bado jijini. Jina "Taita Hills" limewapoteza wengi. Hoteli kubwa za kitalii zinazobeba jina hilo ziko chini kwenye nyika, katika hifadhi ya wanyama. Ni mahali pa kuwatazama ndovu, si pa kuamka ukiwa ndani ya ukungu wa Wundanyi. Ukitaka mlima wenyewe itakubidi ulale mjini au vijijini, na huko utakuta nyumba ndogo za wageni za watu binafsi: gesti za ghorofa moja au mbili, vyumba vilivyojengwa nyuma ya mkahawa, na nyumba za watu waliotenga vyumba vitatu au vinne kwa ajili ya wapita njia.

Hapo ndipo pana jambo la kulifikiria. Hoteli kubwa ina makao makuu. Ukitendewa vibaya utaandika barua, na pengine utajibiwa. Gesti ndogo haina mkubwa mwingine wa kumlalamikia. Ina mwenyewe, basi. Usalama wa maji, wa mlango, wa chakula na wa usingizi wako unategemea mtu mmoja na desturi zake. Kwa hiyo, kabla ya kukiangalia kitanda, mtafute mtu huyo.

Sisi tulifika Wundanyi saa sita mchana. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: fika mchana, maana aliyefika mchana anaweza kusema "hapana, asante" na kuondoka, lakini aliyefika usiku hukubali lolote. Niliiacha familia katika mkahawa karibu na soko, mbele ya chai ya maziwa na mandazi, nikazunguka kwa miguu bila mzigo. Mtu asiye na mzigo habembelezwi sana.

Nyumba ya kwanza ilikuwa maridadi. Rangi mpya, vyumba vyenye choo na bafu ndani, runinga ukutani. Kijana wa mapokezi alikuwa mwenye adabu, lakini kila nilichouliza alijibu kwamba hajui, mwenyewe yuko Mombasa. Nilifungua bomba, likakohoa hewa. "Maji yatakuja jioni," akasema. Huenda yangekuja. Lakini sakafu ya chini ilikuwa na baa, na spika mbili zilizoelekezwa kwenye ngazi zilinieleza habari za usiku kabla haujaingia.

Nyumba ya pili ilikuwa ya bei nafuu zaidi, na mwenyewe alikuwapo. Mzee huyo alinitembeza kote bila kinyongo. Choo kilikuwa nje lakini safi, na shuka zilinukia sabuni. Kwa mwanafunzi au vijana wawili wenye mifuko mepesi, ningewaambia walale hapo bila kufikiri mara mbili. Kwangu kikwazo kilikuwa watoto: kuwatoa usiku wa manane, katika baridi na giza, kuvuka ua ulioteleza. Nilimweleza hivyo waziwazi. Hakukasirika. Ni yeye aliyenielekeza nyumba ya tatu.

Ilikuwa kwenye mteremko, mwendo wa dakika kumi kutoka stendi, haina bango lolote. Mama mmoja wa makamo alikuwa akianika mablanketi juani. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kuanika. Vyumba vilikuwa vinne, vyenye sakafu ya saruji na vitanda vya mbao. Nilibonyeza godoro, nikafungua dirisha na kulifunga, nikainusa pembe ya chumba kama ina unyevu. Mama alinitazama akatabasamu.

"Unakagua kama daktari wa afya," akasema.

Nikamweleza yaliyotupata miaka ile, nikamuuliza swali ambalo sasa huliuliza kila mahali penye baridi: wageni wakisikia baridi usiku, huwa anafanya nini?

"Naongeza blanketi, baba. Na maji ya moto kwenye chupa nakuwekea miguuni. Lakini jiko hapa halilali na mtu. Hata mwanangu wa kumzaa akiliomba, simpi."

Nililipa baada ya jibu hilo, si kabla.

Yako maswali mengine aliyoyajibu bila kusitasita, na ninakupa, msomaji, uyabebe. Maji ya kuoga yanachemshwaje, na saa ngapi? Kwake yalichemshwa kwa kuni katika pipa lililokuwa nje, kuanzia saa kumi na moja, na kila mtu alipata ndoo yake. Umeme ukikatika, je? Alitupa tochi, akatuomba tusiwashe mishumaa karibu na pazia. Lango linafungwa saa ngapi, na nani ana ufunguo? Saa tatu usiku, na yeye alilala chumba cha karibu na lango. Chakula? Aliyetaka kula jioni alisema kabla ya saa nane, kwa sababu alipika kwa idadi ya watu na hakutupa chakula. Kisha alileta daftari, akaandika majina yetu na nambari za vitambulisho. Wengine huudhika kuandikishwa. Mimi hufurahi, kwa maana anayetaka kujua wewe ni nani pia amemuuliza hivyo jirani yako wa chumba cha pili.

Kuhusu fedha, usilipe kwa simu nambari uliyopewa na mtu wa stendi. Lipa ukiwa umesimama mbele ya mwenyewe, usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, na uombe risiti hata kama ni kipande cha karatasi. Unaweza kuulizia punguzo ukikaa siku mbili au tatu, lakini usibane hadi mwenyeji ajute. Shilingi unayomnyang'anya ndiyo ambayo angenunulia blanketi la tano.

Jioni tulikula kimanga, ule mseto wa muhogo na maharagwe uliopondwa pamoja, kwa kuku na sukuma wiki iliyochumwa nyuma ya nyumba. Maziwa yalitoka kwa jirani. Msichana aliyefua shuka alikuwa mpwa wa mama huyo, akingoja kujiunga na chuo. Kijana aliyetupeleka msitu wa Ngangao asubuhi iliyofuata aliitwa kwa kelele kutoka ng'ambo ya bonde. Niliposhika kalamu kupiga hesabu ya gharama zetu, niliona kwamba karibu kila tulichotoa kilibaki katika mteremko ule ule.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kilikuwa shwari. Jogoo wa jirani aliwika saa kumi alfajiri kana kwamba amelipwa. Ndoo ya maji ya moto ilikuwa ndogo kwa mtu wa umbo langu. Umeme ulikatika usiku wa kwanza, na watoto walilalamika kwamba hakuna runinga. Usiku wa pili hawakuiuliza tena. Walikuwa jikoni wakimenya mihogo na kusimuliwa habari za fisi. Anayetaka vya jijini avifuate jijini. Anayekwenda mlimani na avumilie jogoo.

Iwapo unapanga kwenda, kumbuka kwamba mvua za masika za Machi hadi Mei hufanya njia za vijijini ziteleze, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenye baridi kali zaidi. Beba sweta, soksi nzito, tochi na dawa zako. Mwenye pumu katika familia amweleze mwenyeji mapema, maana moshi wa kuni hauepukiki katika nyumba nyingi.

Asubuhi ya kuondoka mama alitufungia kabichi mbili na ndizi za njiani, akakataa kulipwa. Mke wangu alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko desturi. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea Mwatate, aliniambia kwamba usiku ule wa kwanza hakuweza kulala hadi alipoinuka na kuchungulia vitanda vya watoto. Aliwakuta wanakoroma chini ya mablanketi manne, dirisha likiwa wazi kidogo kama mama alivyoagiza. Ndipo naye akalala.

Safari njema, msomaji. Na jiko, popote utakapolala, libaki nje.