Sarafu za Mwambao wa Nyasa: Historia Iliyomo Masandukuni Mwetu

Atokaye Mbinga mjini kwenda Ziwa Nyasa huiacha nyuma baridi ya Umatengo, mashamba ya kahawa na miteremko iliyochimbwa ngoro, akashuka kwa barabara ya lami hadi Mbamba Bay. Huko hali ya hewa ni joto, mitumbwi imepumzika mchangani, na ng'ambo ya maji ni Malawi. Tulifika huko na watoto wetu kwa ziara ya kifamilia, tukapata somo ambalo twaona linazifaa nyumba nyingi: kukusanya sarafu za kale.

Mwambao huu una utajiri wa sarafu kwa sababu ya mahali ulipo. Kusini ni Msumbiji, magharibi Malawi, na fedha za nchi zote tatu zimepita mikononi mwa wavuvi na wachuuzi. Bibi wa mwenyeji wetu, baada ya kuamkiwa, aliwatolea wajukuu kopo kuukuu. Mlikuwamo tambala ya Malawi yenye jogoo, senti tano ya Tanzania ya mwaka 1966 yenye samaki, senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, na hela ya Mjerumani.

Hapo watoto walishangaa kusikia kwamba neno "hela" tulitamkalo kila siku limetokana na Heller, sarafu iliyoanza kutumika mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Kabla yake rupia ilikuwa pesa 64. Bibi alikuwa na pesa moja pia, ya shaba, iliyotolewa na kampuni ya Wajerumani. Upande mmoja una tai. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu. Binti yetu asomaye madrasa aliigeuza, akasoma tarakimu bila msaada: 1307 Hijria, yaani takriban mwaka 1890. Mkoloni alilazimika kuandika kwa herufi ambazo watu wa pwani walizijua.

Lakini sarafu hizi hazikuenea bara kwa biashara pekee. Tangu mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na ili kuilipa, wengi waliuza mazao yao au wakaenda vibarua. Basi hela moja iliyochakaa ni ushahidi wa jasho la babu zetu.

Ushahidi huo unapotea. Bibi alituambia kwamba kopo lilikuwa limejaa, ila alipopita mnunuzi wa chuma chakavu, nyingine zilipimwa kwenye mizani pamoja na sufuria mbovu. Historia ya ukoo ikauzwa kwa kilo.

Mwenye kutaka kuanza hahitaji mtaji. Aanze na masanduku ya nyumbani, na awaulize wazee: sarafu hii ilipatikana wapi, ilinunua nini? Majibu yaandikwe daftarini siku hiyo hiyo, kwani mzee akiondoka, huondoka nayo. Kisha sarafu zipangwe kwa nchi na kwa mwaka, kila moja katika bahasha yake ya karatasi, mahali pakavu. Zishikwe ukingoni. Zisisuguliwe kwa mchanga, majivu wala ndimu. Kung'arishwa huzichubua na kuziondolea thamani mbele ya wajuzi.

Kuna mipaka pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Anayefukua sarafu za zamani hizo, kama zile za masultani wa Kilwa, atoe taarifa kwa mamlaka. Naye aliyejaaliwa rupia nyingi za fedha akumbuke zaka: nisabu ya fedha ni dirhamu 200, takriban gramu 595, na rupia moja ina uzito wa gramu 11.66. Hesabu yake amwulize sheikhe. Wala asiingie katika israfu kwa kununua asichokimudu. Mkusanyo mzuri waweza kuwa sarafu kumi tu zenye habari kamili.

Ndugu wazazi, likizo ijayo wapelekeni watoto kwa bibi na babu wakiwa na daftari na kalamu. Mnunuzi wa chuma chakavu naye yumo njiani.