Mchuzi wa Tui na Chumvi Haba: Mchana Mmoja Malindi, Unguja

Asiyepata kufika Malindi ya Unguja baada ya Sala ya Alfajiri hajaijua bado harufu ya mji ule. Mashua na ngalawa zilizokesha baharini hurejea dikoni, samaki wakamwagwa chini, na dalali akaanza kunadi: changu kwa mtungo, kolekole na nguru mmoja mmoja, pweza kwa fungu. Wengine huishia Darajani, katika soko lililojengwa mwaka 1904, ambako mwenye kuchelewa hununua kwa bei ya kuchelewa.

Katika Surat Faatir, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anatukumbusha bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, na kwamba katika zote mbili twapata nyama iliyo mbichi na laini. Samaki huishi katika maji ya chumvi, na nyama yake haina ukali wa chumvi. Chumvi tunaitia sisi. Kabla ya barafu ilikuwa lazima, kwani samaki aliyezidi alipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa hadi akawa ng'onda. Barafu imekuja, lakini mkono wa mpishi haukupungua. Tena siku hizi viko vidonge vya supu, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi, na mpishi akiisha kuvitia huongeza chumvi juu yake kana kwamba hajatia kitu!

Katika nyumba moja ya mtaa huo nilikaribishwa chakula cha mchana, siku ya Ijumaa. Mzee wa nyumba alikuwa ameonywa na daktari juu ya shinikizo la damu. Kwa wiki kadhaa alipikiwa chungu chake, akala peke yake kwenye sahani huku wanawe na wajukuu wamelizunguka sinia. Hakulalamika, ila chakula alikiacha nusu.

"Mwanangu, nikaona namtenga mume wangu nikidhani namuuguza," alisema Bi Mkubwa.

Basi akakiondoa chungu cha pili, nyumba nzima ikala anachokula mzee.

Kolekole wa kilo moja alimwosha kwa ndimu tupu kuondoa shombo, bila ya chumvi. Akamchanja, akampaka thomu na tangawizi zilizotwangwa pamoja, pilipili mbichi na manjano, akamwacha nusu saa, kisha akamchoma juu ya makaa mpaka ngozi ikaungua kidogo. Kuungua huko ndiko kunakoziba pengo la chumvi, na anayemchemsha samaki moja kwa moja hukikosa kitu hicho.

Nazi mbili zilikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui jepesi lilitangulia jikoni pamoja na kitunguu na embe mbichi, likapungua. Tui zito likafuata kwa moto mdogo, likikorogwa bila kuachwa, maana likichemka ovyo hukatika. Ndimu ilikamuliwa chungu kilipokwisha epuliwa. Chumvi, robo kijiko cha chai kwa watu wanane, ilinyunyizwa mwisho, juu ya samaki, mahali ambapo ulimi huigusa kwanza.

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika mkate. Tui nalo lina mafuta mengi, kwa hiyo si la kila siku. Na zile chumvi mbadala zenye potasiamu, mwenye maradhi ya figo asizitumie kabla ya kumwuliza daktari.

Bi Mkubwa alisema watoto walinung'unika wiki ya kwanza na ya pili, kisha wakanyamaza. Mchana ule mzee alikaa kwenye sinia pamoja nasi, akasoma Bismillahi, akamega mnofu wa shavu la kolekole na kumwekea mjukuu wake mdogo upande wake wa wali.